Likizo ya siku 84, maziwa ya miezi 6: Namna ya kumwandaa mtoto kabla mama hajarudi kazini

Jumatatu moja mwenzetu wa zamu ya alfajiri alirejea studio baada ya likizo ya uzazi. Ilipofika saa nne asubuhi simu yake iliita. Nyumbani, mtoto wa wiki 11 alikuwa amekataa chupa tangu saa moja, analia, na bibi yake alikuwa ameshajaribu kila njia aliyoijua. Maziwa ya mama yalikuwapo, yamekamuliwa jana yake na kuwekwa kwenye friji. Tatizo ni kwamba mtoto hakuwahi kuiona ile chupa kabla ya asubuhi hiyo.

Kisa hiki si cha mwenzetu peke yake. Akina mama wengi hapa Tanga wanatueleza kuwa wiki ya kwanza kazini ndiyo iliyowafanya waanze maziwa ya kopo au uji mapema, ingawa maziwa yao hayakuwa yamepungua. Mtoto alikataa, kila mtu nyumbani akaingiwa na hofu, ikachukuliwa njia ya mkato. Ndiyo maana leo tunaeleza namna ya kujiandaa.

Pengo linatoka wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Lakini ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ambao ndio tunaopewa kliniki, ni kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6. Hiyo ni takriban wiki 26.

Sheria pia inaruhusu likizo ianze hadi wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua. Mama aliyezitumia wiki hizo zote anaweza kurudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 tu. Pengo hili la wiki 14 hadi 18 ndilo linalozibwa na maziwa yaliyokamuliwa. Mtoto haachishwi maziwa ya mama. Anazoeshwa kuyapokea kutoka kwenye chombo kingine na kwa mtu mwingine.

Chupa au kikombe?

Wengi wetu tukisikia mama anarudi kazini tunafikiria chupa. Wahudumu wa afya kwa kawaida hushauri kikombe kwanza, na sababu kubwa ni usafi. Chuchu ya chupa na kona zake hubakiza maziwa, na maziwa yaliyobaki katika joto letu huzalisha vijidudu vya kuharisha. Kikombe kina mdomo mpana, hivyo huoshwa kwa sabuni na maji safi bila shida. Kile kidogo cha kahawa, ambacho hakikosekani kwenye nyumba za pwani, kinafaa ilimradi ukingo wake haujapasuka.

Hata mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe. Mkalishe mapajani akiwa wima, umwegemeze vizuri. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake wa chini, kiinamishe hadi maziwa yaguse midomo, kisha subiri. Atayaramba au kuyavuta mwenyewe. Usimmiminie kinywani, maana anaweza kupaliwa.

Familia ikiamua kutumia chupa, chagua chuchu inayotoa maziwa polepole. Mkalishe mtoto karibu wima na uishike chupa ikiwa imelala, si kuisimamisha juu ya kinywa chake. Mguse midomo kwa chuchu, umsubiri afungue kinywa, na umpumzishe kila baada ya mafunda kadhaa. Maziwa yakimiminika haraka, titi ambalo linahitaji kuvutwa huanza kumchosha. Baada ya kila matumizi osha chupa na chuchu kwa brashi na sabuni, kisha uzichemshe kwenye sufuria zikiwa zimezama majini.

Anza lini, na nani?

Subiri kwanza unyonyeshaji ukae sawa, kwa kawaida mtoto anapofikisha wiki 4 hadi 6. Kisha anza wiki 2 au 3 kabla ya kurudi kazini. Mtoto anapopelekwa kwenye chanjo ya wiki ya 6 au ya 10, mwombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo namna ya kukamua na kulisha kwa kikombe.

Siku za mwanzo, mpe maziwa kidogo, mililita 15 hadi 30, mara moja kwa siku. Chagua muda ambao ametulia na hana njaa kali. Usemi wa "akishikwa na njaa atakunywa tu" tuuache. Mtoto anayelia kwa njaa hana utulivu wa kujifunza kitu kipya.

Anayemlisha awe yule atakayebaki naye: bibi, baba, shangazi au dada wa kazi. Mama atoke chumbani, hata nje ya nyumba, kwa sababu mtoto akisikia harufu na sauti yake atataka titi. Kuna watoto wanaotulia wakifunikwa kanga ambayo mama ameivaa, na kuna ambao harufu hiyo huwakumbusha titi wakazidi kulia. Jaribuni muone wa kwenu ni yupi.

Akikataa kwa dakika 10, acheni. Mbembelezeni, mama amnyonyeshe, mjaribu tena kesho. Badilisheni jambo moja kwa wakati: mkao, joto la maziwa, saa, au chombo chenyewe. Aliyekataa chupa wiki nzima anaweza kukubali kikombe.

Katika wiki ya mwisho, fanyeni siku ya majaribio. Mama aondoke saa tatu au nne za mfululizo huku nyumbani wakiendelea kama ni siku ya kazi. Mtagundua kilichosahaulika, na bado mtakuwa na muda wa kurekebisha.

Kukamua na kuhifadhi

Mashine ya kukamulia si lazima. Nawa mikono kwa sabuni na uandae chombo safi chenye mfuniko. Weka kidole gumba juu na kidole cha shahada chini ya titi, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia, huku ukizungusha vidole. Usiburute vidole juu ya ngozi. Siku za kwanza huenda ukapata kidogo sana. Usikate tamaa, kwani maziwa huongezeka kadiri titi linavyotolewa.

Kadirio linalosaidia ni mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali. Ukitoka saa moja na nusu asubuhi na kurejea saa kumi na nusu jioni, hizo ni saa 9, yaani kama mililita 270. Zigawe katika vyombo vya mililita 60 hadi 90 ili zisimwagwe nyingi akibakiza.

Katika joto lisilozidi nyuzi 25, maziwa freshi ya mama hukaa hadi saa 4. Tanga ya Februari na Machi hupita nyuzi 30, kwa hiyo yaweke kwenye baridi mara moja. Ndani ya friji hukaa hadi siku 4. Kwenye deli lenye barafu ya kutosha hukaa hadi saa 24, na hapo ndipo mama asiye na friji kazini anapopata nafuu. Andika tarehe na saa, na uanze kutumia ya zamani.

Kuyapasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyachemshe jikoni wala kutumia maikrowevu. Aliyobakiza mtoto yasikae zaidi ya saa 2.

Mwajiri naye ana wajibu

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Zungumza na msimamizi wako kabla likizo haijaisha: utakwenda nyumbani mchana, mtoto ataletwa, au mtakubaliana upate faragha ya kukamua? Muda huo pia unalinda maziwa, kwani titi lisipotolewa siku nzima huuma na uzalishaji hupungua.

Mama lishe na muuza samaki hawana mwajiri wa kuwapa saa hizo. Kwao inafaa zaidi mtoto aletwe sokoni mchana, na kikombe kitumike saa zilizobaki.

Akinywa kidogo mchana

Watoto wengine hunywa kidogo mama akiwa kazini, kisha hunyonya sana jioni na usiku. Inachosha, lakini si hatari ilimradi anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki. Akikojoa kidogo, akilegea au akikataa hata titi, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Mama anayeishi na VVU aendelee na dawa na afuate ushauri wa kliniki yake kuhusu kunyonyesha.

Yule mwenzetu aliomba ruhusa ya kutoka mchana kwa siku nne za mwanzo. Siku ya tano bibi alikiweka chupa kando, akachukua kikombe cha kahawa. Mtoto akanywa mafunda sita, akalala. Sasa ana miezi 7 na ameanza uji, na mama yake bado anaondoka studio mchana kwenda kumnyonyesha.