Tofali zito si kinga ikiwa udongo wa chini unatoroka

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayeshuka mtoni kila asubuhi,

Hapa Burungu, kama kote katika milima ya Masisi, mvua kubwa ikinyesha juu, mto hupanda upesi. Ukingo ukimeguka, waweza kwenda na choo, jiko, hata mtoto anayecheza hapo. Ndiyo maana watu hupanga matofali ya simenti kando ya mto. Lakini je, matofali hayo hushindwa namna gani?

Wahandisi wa Marekani walilijaribu jambo hili katika miaka ya 1980. Walitengeneza mteremko wa udongo, wakaufunika kwa matofali, wakapitisha maji ya nguvu juu yake. Hawakungoja tofali livunjike. Tofali likiacha tu kushikamana na udongo ulio chini yake, walihesabu kwamba kinga imeshindwa.

Sababu ni hii: maji hupenya kwenye viungo, huosha udongo na kuacha tundu. Kisha husukuma tofali kutoka chini. Likiinuka kidogo kuliko wenzake, maji hulipiga ubavuni. Likitoka, jirani yake hufuata.

Basi tuangalie mambo manne:

1. Chini ya matofali pawe na kitambaa cha kuchuja, au tabaka la mchanga na changarawe, ili maji yapite na udongo ubaki.

2. Mstari wa chini uzikwe ndani ya sakafu ya mto, kwani huko maji huchimba kwanza.

3. Matofali yalale sawasawa. Tofali jipya linyweshwe maji walau siku 7. Nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28.

4. Usiondoe tofali kufanya mafiga, wala usichimbe mchanga au kuosha madini chini ya ukingo.

Mto ukishapungua, gonga matofali kwa fimbo. Likilia kama debe tupu au likitikisika, zuia watoto, umwarifu mkuu wa kambi.

Tena tusijidanganye: matofali hulinda ukingo, hayazuii mafuriko. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe, Kivu ya Kusini, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 katika Bushushu na Nyamukubi. Mto ukianza kunguruma na maji kuwa matope, acheni vyombo, chukueni watoto, mwende mahali pa juu, mbali na mteremko unaoporomoka. Ukingo hujengwa tena; mtu hajengwi.