Mtoto aliyechelewa kukaa au kutembea: Mazoezi yaanze mapema, tena nyumbani

Wapo watoto ambao miezi hupita shingo haijakaza, miguu imekakamaa au mkono mmoja umekunja ngumi muda wote. Watu husema ni jini au ni laana, na wazazi huishia kwa waganga huku wakati wenye faida zaidi wa tiba ukipita.

Tatizo ni nini?

Wengi wa watoto hawa wana mtindio wa ubongo. Sehemu ya ubongo inayoendesha misuli imedhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Miongoni mwa sababu ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Haliambukizi wala si adhabu. Jeraha lile la ubongo haliongezeki, lakini misuli isiyotumika hufupika na viungo hupinda kadiri mtoto anavyokua.

Dalili za kuangalia

Mpeleke mtoto hospitali ikiwa ana miezi 4 na shingo haijakaza, miezi 9 na hakai mwenyewe, au miezi 18 na hatembei. Dalili nyingine ni kutumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Wazazi wengine humgombeza mtoto anayeshika kila kitu kwa kushoto, kumbe mkono wa kulia hauna nguvu. Huyo ana udhuru, asipigwe.

Mazoezi yanayosaidia

Zamani mtoto alilazwa, akakandwa na kunyooshwa viungo. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonesha kuwa kumnyoosha peke yake hakumfundishi kutumia viungo. Ubongo hujifunza pale mtoto mwenyewe anapojaribu jambo, akakosea, akarudia mara nyingi kila siku. Kwa hiyo nusu saa ya hospitali kwa wiki haitoshi. Mtaalamu atakuelekeza, lakini mazoezi yenyewe ni ya nyumbani.

Chagueni pamoja na mtaalamu jambo moja ambalo mtoto analihitaji: kukaa kwenye mkeka, kushika kikombe au kunawa uso. Mfanyisheni kila anapooga, anapokula na anapovaa. Mpe nafasi ajaribu kwanza kabla ya kumsaidia. Baba na ndugu zake nao washiriki, mzigo usiwe wa mama peke yake.

Kwa mwenye udhaifu wa upande mmoja, ipo njia ya kuuvisha mkono wenye nguvu soksi au glovu kwa muda maalumu kila siku, kwa wiki kadhaa, ili ule dhaifu ulazimike kushika na kubeba. Muda huo upangwe na mtaalamu, usianze mwenyewe.

Usafi na tahadhari

Mlishe akiwa ameketishwa wima, asije akapaliwa. Mfute mate, mbadilishe nguo zilizolowa mapema na mgeuze mara kwa mara ili ngozi isichubuke. Usimvute viungo kwa nguvu, wala usimfukie mchangani ili asimame. Akiwa na degedege, dawa za hospitali zisikatishwe kwa sababu ya kombe au hirizi. Jihadhari na anayekuahidi kuwa atamponya kabisa kwa siku chache.

Dini yetu inasemaje?

Mtume (s.a.w) ametuhimiza kujitibu. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a) alikuwa kipofu, naye akawa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal (r.a). Asiyeweza kusimama huswali amekaa, na asiyeweza kukaa huswali amelala. Basi mtoto huyu naye ana haki ya kufundishwa, kupelekwa madrasa na kukaa na wenzake.

Huduma za mazoezi ya viungo zinapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, na KCMC mjini Moshi. Ukiwa mbali, anzia kliniki ya watoto iliyo karibu nawe na uombe barua ya rufaa. Huenda mtoto asitembee kama wenzake, lakini akiweza kukaa, kula mwenyewe na kusema haja yake, hiyo ni neema kubwa kwake na kwenu. Allah (s.w) awape subira na wepesi. Amin.