Uangalizi wa Programu na Ufikiaji wa Hifadhidata

Taarifa za kila mwezi za vituo vya afya vya Musoma, Bunda na Butiama huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nayo huweka takwimu zake katika hifadhidata ya PostgreSQL. Mafundi wa programu ya namna hiyo huhitaji zana za aina mbili, nazo huria vilevile. Prometheus, iliyoanza mwaka 2012, hupima mwenendo wa programu yenyewe: kasi yake, kumbukumbu inayotumika, makosa. pgAdmin hufungua hifadhidata, na mwenye ruhusa huweza kusoma, kubadili, hata kufuta.

Mfasiri akiziita zote mbili "zana za usimamizi", afisa wa wilaya aweza kumkabidhi ufunguo wa ghala mtu aliyetakiwa kuchungulia dirishani tu. "Ufuatiliaji" nao haufai, kwani katika ofisi zetu umekwisha kufungamana na "tathmini" ya miradi. Twapendekeza basi "uangalizi wa programu" kwa kazi ya Prometheus, na "ufikiaji wa hifadhidata" kwa kazi ya pgAdmin. "Uingiaji" tumeuacha, maana karani anayejaza takwimu za kituo husemwa "anaingiza", naye hana haja ya kuifikia hifadhidata yenyewe.