Unavuta Boti Hadi Pwani? Hakikisha Nafasi Kabla ya Kutuma Pesa

Mjomba wangu ana boti ndogo ya faiba, futi 16, ambayo huivuta kwa trela. Desemba moja aliitoa Naivasha akielekea Kilifi. Alikuwa amepewa nambari ya mtu aliyedai ana nafasi ya kuegesha kwenye hori, akamtumia deposti ya shilingi 5,000. Alipofika, simu ilikuwa imezimwa, na watu wa pale hawakumjua mwenye nambari. Usiku huo alilala ndani ya gari, akilinda boti kando ya barabara.

Ukipanga safari kama hiyo, anza na haya.

Je, lazima boti ilale majini? Boti ya trela inaweza kulala nchi kavu. Uliza bei ya kuegesha trela kwenye uwanja wenye mlinzi, kisha ulinganishe na bei ya gati au boya. Ukienda baharini mara mbili tu kwa wiki, huenda nchi kavu ikakufaa zaidi.

Uliza kwa wavuvi. Kwenye madiko mengi kuna BMU, kamati ya jamii inayosimamia ufuo. Viongozi wake watakuambia boti ya mgeni inashushwa wapi, ada ni ngapi na nani anapokea. Mtwapa na Kilifi zote ziko kwenye hori, kwa hivyo boti hupata kinga hata kusi ikivuma.

Uliza kuhusu maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Nafasi ya bei rahisi inaweza kubaki tope tupu maji yakitoka. Uliza: "Maji yakipwa, boti yangu itaelea? Naweza kuishusha saa ngapi?"

Taka bei yote kwa pamoja. Kushusha, kupandisha, kuegesha, mlinzi. Tuseme ni shilingi 300 kwa usiku, usiku 5: hiyo ni 1,500. Ongeza 500 ya kushusha na 500 ya kupandisha, tayari ni 2,500, na mlinzi bado. Itumwe kwa SMS, isibaki ya mdomo. Desemba na Pasaka wageni huwa wengi, kwa hivyo piga simu mapema.

Sasa ndio ulipe.

- Omba nambari ya till au paybill ya biashara. Ukipewa nambari ya mtu binafsi, pigia ofisi au BMU kwanza uulize kama wanamjua.
- Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama silo uliloambiwa, katisha.
- Tuma deposti ndogo, salio ulipe ukishaona nafasi kwa macho.
- Usifute SMS ya malipo. Hiyo ndiyo risiti yako.
- Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu.
- PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Mjomba alirudi Kilifi mwaka uliofuata. Safari hii alimpigia mwenyekiti wa BMU kwanza, akaegesha trela kwenye uwanja wenye mlinzi, akalipa kwa till baada ya kufika. Boti ililala salama, naye akalala kitandani.