Mvuvi Chini, Mchoraji Juu: Desturi ya Sanaa St Ives

St Ives ni mji mdogo wa pwani huko Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, wenye wakazi wapatao 11,000. Zamani watu wake waliishi kwa dagaa, chumvi na matanga. Reli ilipofika mwaka 1877, wachoraji nao wakaanza kuwasili wakifuata mwanga wa bahari. Uvuvi ulipozidi kudorora, maghala ya matanga yalibaki matupu na wenyewe wakayapangisha kwa wageni hao. Ukifika ufukwe wa Porthmeor utakuta jengo ambalo mpaka leo linakaliwa hivyo: chini mna nyavu na mitego ya wavuvi, juu mna turubai na harufu ya rangi.

Ujirani huo haukuja kwa wepesi. Wavuvi wengi walikuwa Wamethodisti wenye msimamo mkali juu ya Jumapili, na inasimuliwa kwamba mchoraji aliyethubutu kutoa brashi siku hiyo angeweza kuona vifaa vyake vikitupwa baharini. Kilichowasogeza karibu, kwa maoni yangu, ni desturi ya kufungua milango. Kila mwaka, kabla ya kazi kupakiwa kwenye treni kwenda kuchujwa na Royal Academy, taasisi ya sanaa kule London, wachoraji walitenga siku ya kuwakaribisha watu wote studio. Wenyeji walipanda ngazi, wakatazama bandari yao ilivyochorwa. Aliyekulia ndani ya mashua hashindwi kuona kamba iliyofungwa kombo kwenye picha, kwa hiyo ukaguzi wa kwanza ulikuwa wa jirani, kabla ya ule wa mabwana wa London.

Mlango uliozaa matunda kuliko yote haukuwa hata wa studio. Alfred Wallis, baharia wa zamani aliyezaliwa mwaka 1855, alifiwa na mkewe mwaka 1922, na kuelekea umri wa miaka sabini akaanza kuchora ili kuuondoa upweke. Hakununua turubai. Alichora kwenye vipande vya makatoni na mbao kwa rangi za mashua, na kipande kikiwa kimekatwa pembe, meli nayo iliinama kuifuata pembe hiyo. Mwezi Agosti 1928 wachoraji wawili kutoka London, Ben Nicholson na Christopher Wood, walipita mbele ya nyumba yake, mlango ukiwa wazi, wakaona ukuta umejaa picha zilizopigiliwa misumari. Nicholson hakuchora tena kama zamani. Wallis mwenyewe alifia katika nyumba ya maskini huko Madron mwaka 1942, na hilo ni doa kwa jamii iliyokuwa ikijifunza kutoka kwake. Kaburi lake lilifunikwa kwa vigae vilivyotengenezwa na mfinyanzi Bernard Leach.

Wasanii wenyewe walijiunga katika chama mwaka 1927, kisha wakapata kanisa lililoachwa kuwa ukumbi wa maonyesho. Humo ugomvi haukukosekana. Kazi za vijana wa mtindo mpya zilitundikwa kwenye kona, karibu na birika la ubatizo. Mwaka 1946 baadhi yao waliteremka kufanya maonyesho yao katika chumba cha chini cha kanisa hilohilo, na mwaka 1949 mgawanyiko ukakamilika: Nicholson, Leach, mchongaji Barbara Hepworth na wenzao wakaunda chama cha Penwith. Mji mdogo hivyo wenye vyama viwili vya sanaa unaweza kuonekana umegawanyika. Mimi naona ni dalili ya uhai, kwa sababu watu hawagombani juu ya kitu wasichokijali.

Usiku wa kufungua maonyesho, kule kama katika miji mingi midogo ya Uingereza, una taratibu zake. Wageni hupewa glasi ya mvinyo, husogea taratibu ukutani wakizungumza kwa sauti ya chini, na kazi ikinunuliwa hubandikwa kidoti chekundu pembeni. Jirani akikiona hujua mtu fulani atakula vizuri mwezi huo. Mihadhara nayo ina mwenyekiti wa kumtambulisha mgeni, picha ukutani, maswali, kisha chai. Klabu ya sanaa ya St Ives, iliyoanzishwa mwaka 1890, bado ipo kando ya bahari pale Westcotts Quay ikiendesha tamthilia na mazungumzo. Mji nao hurudisha heshima: mwaka 1968 Hepworth na Leach walipewa uhuru wa mji, heshima kubwa kuliko zote ambayo baraza la mji liliweza kutoa.

Matunda ya mji huu yametufikia hata sisi. Leach alijenga karakana yake mwaka 1920 pamoja na Mjapani Shoji Hamada. Mwanafunzi wake Michael Cardew baadaye alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria, alikofanya kazi Ladi Kwali, bingwa wa kufinyanga kwa mkono. Huko ndiko Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikokwenda kujifunza miaka ya 1970 kabla vyungu vyake havijaingia katika makumbusho makubwa ya dunia.

Leo hatari inatoka kwenye mafanikio yenyewe. Tangu jumba la sanaa la Tate lifunguliwe hapo mwaka 1993, watalii wameongezeka, na nyumba zimenunuliwa na matajiri wanaokuja likizo tu. Kijana wa mvuvi hapati pa kukaa, wala mchoraji chipukizi. Mwaka 2016 wakazi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliojitokeza wakaamua kwamba nyumba mpya zijengwe kwa ajili ya wanaoishi hapo mwaka mzima. Walifanya haki. Desturi ya kufungua mlango inahitaji mtu anayekaa nyuma ya mlango huo. Nawe ukijaliwa kufika St Ives, usiishie Tate. Ingia kwenye kanisa la wasanii, panda ngazi za studio zilizo wazi, nunua hata kadi ndogo kutoka mkononi mwa aliyeichora.