Ndala si kiatu cha mgonjwa wa kisukari

Ndugu akilazwa, familia hubeba beseni, chupa ya chai, kanga na ndala. Ndala ni rahisi, huoshwa na kukauka upesi, na wodini utaziona chini ya karibu kila kitanda. Lakini kama aliyelazwa ameishi na kisukari miaka mingi, ndala hizo zinaweza kuwa mwanzo wa safari ya kukatwa mguu.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo hutangulia kufa ganzi. Mgonjwa akikanyaga msumari hajui. Mkanda wa ndala ukimchubua kati ya vidole hajui. Ndala ikimvuka, huendelea kutembea pekupeku bila habari. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuripoti hata wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini, wasistuke. Kwa hiyo nyumbani, chandarua kilichochomekwa vizuri kina kazi zaidi ya mbu.

Kiatu kinachomfaa huziba vidole, kina kamba au mkanda wa kukishika mguuni, soli nene isiyopenya mwiba, na ndani ni laini bila mshono unaokwaruza. Kwa urefu, kizidi mguu kwa sentimeta 1 hadi 2. Raba pana ni bora kuliko kiatu cha ngozi kilichochongoka mbele, hata kama mzee anakipenda cha kanisani au msikitini. Mtumba si dhambi, ila kiatu kilichokwisha kufuata umbo la mguu wa mwingine kiacheni, bei ivutie vipi.

Aliye kitandani haendi dukani. Akiruhusiwa kusimama, mkanyagishe juu ya kipande cha boksi jioni, miguu ikiwa imejaa kidogo, uchore kuzunguka mguu kwa kalamu, ukate umbo hilo na uende nalo. Likijikunja ndani ya kiatu, tafuta kingine.

Kabla ya kuvaa, mkono uingie kwanza kutafuta changarawe. Nyayo zikaguliwe kila siku. Bibi asiyeona vizuri anaweza kuazima macho ya mjukuu wa darasa la nne. Na kumkanda miguu kwa maji ya moto? Hapana, asiyehisi joto huungua kimya kimya. Likionekana lengelenge, weusi au usaha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema haumwi.