Kiangazi Kikali: Tuuze Mbuzi Angali na Nyama

Kila kiangazi kikizidi, nyumbani kwetu husemwa neno moja: "Tungoje kidogo, labda itanyesha." Basi tunangoja. Mbuzi anakonda, mahindi yanapanda bei, na siku tunayoamua kuuza hakuna wa kununua. Ukame hatuuleti sisi, lakini hasara nyingine tunajiletea kwa kungoja.

Tumeyaona haya wenyewe. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Zaidi ya mifugo milioni mbili ilikufa nchini, hasa upande wa kaskazini. Mnyama aliyekufa malishoni hakumlisha mtu, wala hakulipa karo ya mtoto.

Hesabu ya mbuzi mmoja

Tuchukue mfano. Mbuzi mnono anauzwa shilingi 6,000, na gunia la mahindi la kilo 90 ni shilingi 4,000. Mbuzi huyo ananunua gunia moja na nusu. Jamaa inayopika gorogoro moja kwa siku, yaani kilo 2 hivi, itakula zaidi ya miezi miwili.

Sasa tungoje. Mbuzi amebaki mifupa, anauzwa 2,000, na gunia limefika 6,000. Mbuzi yule yule ananunua kilo 30 tu. Hizo ni wiki mbili, basi.

Pesa hailiwi

Ukiuza, usikae na pesa mfukoni. Wazee wa Ukambani wanaikumbuka njaa moja ya miaka ya 1980 iliyoitwa "Nikwa ngwete", yaani "nafa nimeshika". Watu walikuwa na pesa mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwako. Kwa hivyo pesa ya mbuzi igeuzwe nafaka wiki ile ile: mahindi, mtama, kunde au ndengu.

Nafaka iwe kavu

Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu ina sumu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Kuyachemsha hakuiondoi.

Kupima ni rahisi. Tia mahindi kidogo katika chupa kavu, ongeza chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Ikianguka yote chini, weka katika magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Tusiuze kila kitu

Waondoke kwanza madume ya ziada, wanyama wazee na wasiozaa. Tubakishe majike wachanga walio na nguvu, wachache tunaoweza kuwalisha na kuwanywesha. Mbegu nazo zisiguswe. Aliyekula mbegu, mvua ikija atakuwa mtazamaji tu shambani mwa jirani. Jembe pia lisiuzwe.

Kazi ya kikundi

Mtu mmoja akipeleka mbuzi mmoja sokoni, mchuuzi ndiye anayepanga bei. Kikundi kikipeleka kumi, kuna kusikizana. Na nafaka ikinunuliwa pamoja, gharama ya gari inagawanywa. Tuwakumbuke pia wajane na wazee wasio na mnyama wa kuuza: kila mwenye gunia akitoa gorogoro moja, wao nao watapika.

Jambo moja zaidi. Mara nyingi baba ndiye mwenye neno juu ya mifugo, na mama ndiye anayejua unga uliobaki. Wasipoketi pamoja mapema, mmoja atahesabu mbuzi na mwingine atahesabu siku za njaa.

Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge ghala. Tuombe mvua, ndiyo, lakini tukiomba tuwe tumeshapanga.

Maswali ya kujadiliana

1. Tukiona dalili gani hapa kwetu tutakubaliana kuanza kuuza?
2. Nani kati yetu ana ghala kavu linaloweza kuweka nafaka ya kikundi?
3. Nani kijijini hana cha kuuza, na tutamsaidiaje?